Vihisi vya shambani: washirikisheni watu hawa kabla ya kununua

Vihisi vya kupima unyevu wa udongo na kutuma taarifa kwenye simu si jambo geni tena. Kikundi cha wakulima kinaweza kuvinunua wiki hii na kuvifunga wiki ijayo. Shida huja baadaye: msimu haujaisha, kimoja betri imekufa, kingine kinatuma namba asizozielewa mtu, na cha tatu kiko bondeni ambako mawimbi hayafiki. Ukifuatilia utakuta kifaa chenyewe hakina kosa. Mkulima, afisa ugani, msimamizi wa maji na fundi wa mawasiliano hawakuwahi kukaa pamoja kabla fedha haijatoka.

Anzeni na uamuzi

Swali la kwanza katika kikao si "tununue kipi?" bali "ni uamuzi gani tunaufanya kwa kubahatisha?" Pengine ni siku ya kumwagilia, au saa ya kupulizia dawa, au kujua kama chumba cha baridi kimepanda joto usiku watu wakiwa wamelala. Chagueni mmoja tu, kisha muulize: namba ikibadilika, nani atafanya nini, na je, ana uwezo wa kulifanya?

Swali hilo la pili ndilo linaloangusha miradi mingi. Chukulia skimu ya umwagiliaji inayogawa maji kwa zamu ya siku saba. Kihisi kinakuambia siku ya nne kwamba udongo umekauka. Utafanyaje? Maji si yako mpaka siku ya saba. Taarifa hiyo haina kazi, isipokuwa kamati ya maji iwe imekubali tangu mwanzo kwamba zamu zinaweza kusogezwa kwa kufuata vipimo: mwenye udongo wa kichanga apate kidogo mara nyingi, mwenye udongo wa mfinyanzi apate mengi kwa vipindi virefu. Hapo ubunifu wenyewe uko kwenye ratiba ya maji, na kihisi ni msaidizi wake. Msimamizi wa maji asipokuwepo siku ya kwanza, msitarajie mabadiliko hayo siku ya mia.

Mtu wa udongo na mtu wa umeme

Vihisi vingi vya bei nafuu havioni maji moja kwa moja. Hupima tabia ya udongo ndani ya uga wa umeme, kisha hukadiria unyevu. Kipimo hicho kwa maji ni takriban 80, kwa madini makavu ya udongo ni kama 3 hadi 5, na kwa hewa ni 1. Tofauti ni kubwa, ndiyo maana njia hii inafanya kazi. Lakini ukiacha mwanya mdogo wa hewa kati ya kihisi na udongo wakati wa kuchimbia, utaambiwa shamba limekauka hata kama limelowa. Chumvi nyingi na mfinyanzi mwingi navyo hupotosha namba.

Mhandisi aliyetengeneza kifaa hajui udongo wako, na mtaalamu wa udongo huenda hajui namna ya kubadilisha kanuni ndani ya kifaa. Waunganisheni. Chukueni sampuli za udongo zenye ujazo unaojulikana kando ya kihisi, shamba likiwa limelowa, likiwa la wastani na likiwa kavu. Maabara huzipima uzito, huzikausha kwenye oveni kwa nyuzi 105 za Selsiasi kwa takriban saa 24, kisha huzipima tena. Tofauti ya uzito ndiyo maji. Linganisheni na namba za kihisi, na fundi arekebishe. Ni kazi ya siku chache ambayo wauzaji wengi hawaizungumzii kabisa.

Fungeni vihisi kwa vina viwili: kimoja katikati ya mizizi, kingine chini ya mwisho wake. Namba za cha chini zikipanda kila mnapomwagilia, maji yanapita mizizi na kuondoka na mbolea. Kwa maoni yangu kihisi hiki cha chini ndicho chenye faida kubwa zaidi, na ndicho watu hukiacha ili kuokoa fedha. Wenye uwezo mdogo wanaweza kuanza na tensiomita, bomba lililojaa maji, lenye ncha ya kauri na saa ya kusoma nguvu ambayo udongo unavuta maji hayo. Haihitaji umeme wala mtandao. Mwisho wake ni karibu kilopaskali 80, zaidi ya hapo huingiza hewa na kuacha kusoma, kwa hiyo mazao yanayoachwa yakauke sana yanahitaji kifaa kingine.

Mawasiliano

LoRaWAN, aina ya mtandao wa redio kwa vifaa vidogo, hutuma ujumbe mfupi kwa kilomita kadhaa penye uwazi kwa umeme kidogo sana, na kikundi kinaweza kumiliki kituo chake cha kupokelea. Masafa yanayoruhusiwa hutofautiana: Ulaya hutumia eneo la megahazi 868, Marekani 915. Ulizeni mamlaka ya mawasiliano ya nchi yenu kabla ya kuagiza. Njia nyingine, NB-IoT, hupitia minara ya simu, kwa hiyo hamjengi kituo lakini mnaitegemea kampuni.

Jaribuni mawimbi mazao yakiwa yamekomaa. Majani yenye maji mengi hunywa mawimbi, na antena iliyofanya vizuri wakati wa kupanda inaweza kunyamaza mazao yakiizidi urefu.

Pia ulizeni huduma itadumu hadi lini. Sigfox, kampuni ya Ufaransa iliyokuwa na mtandao wake wa vifaa vidogo katika nchi nyingi, iliwekwa chini ya usimamizi wa mahakama Januari 2022, baadaye ikanunuliwa. Mwaka huohuo kampuni ya simu ya AT&T ilizima mtandao wake wa 3G nchini Marekani. Kifaa cha kukaa shambani miaka kumi kinahitaji jibu la maandishi.

Wanaojua tayari wako jirani

Itifaki ya MQTT, yaani kanuni za vifaa kupeana ujumbe, inayobeba ujumbe wa vihisi vingi vya shambani leo, ilibuniwa mwaka 1999 na Andy Stanford-Clark na Arlen Nipper kwa ajili ya kufuatilia mabomba ya mafuta kupitia setilaiti, ambako mawasiliano yalikuwa ghali na yakikatika ovyo. Hali hiyo mkulima yeyote wa mbali na mnara anaifahamu. Trekta nazo huongea na zana zake kwa ISOBUS, kiwango cha ISO 11783, kilichojengwa juu ya CAN, mfumo wa mawasiliano kati ya vifaa ambao Bosch iliutambulisha mwaka 1986 kwa ajili ya magari.

Basi kabla ya kuanza upya, ulizeni nani katika eneo lenu anasoma mita kwa mbali: mamlaka ya maji, kampuni ya umeme, mwenye ghala la baridi. Huenda kituo chao cha kupokelea kinafika mashambani kwenu na kina nafasi. Nanyi mna cha kuwapa, kwa mfano taarifa za mvua na unyevu kutoka sehemu wasizo na vipimo. Chuo cha ufundi nacho kinatafuta kazi halisi kwa wanafunzi wake, ingawa lazima pawe na mtu atakayebaki na vifaa wanafunzi wakienda likizo.

Mkataba

Namba za shamba lako zinaweza kumvutia mnunuzi, benki au bima. Mwaka 2018 mashirika ya kilimo ya Ulaya yalikubaliana mwongozo wa hiari unaotambua haki ya anayezalisha taarifa, yaani mkulima, kuamua nani azitumie. Hata pasipo mwongozo kama huo, andikeni: taarifa ni za nani, nani mwingine anaziona, na kama mnaweza kuzitoa zote kwa faili la kawaida mkihama. Muuzaji akikataa hilo la mwisho, tafuteni mwingine.

Badilisheni nywila ya kiwandani siku ya kwanza. Mwaka 2016 programu haribifu iitwayo Mirai iliteka vifaa vingi sana kwa kujaribu tu nywila zilizokuja navyo.

Kisha anzeni na kitalu kimoja, kando yake kingine kinachoendeshwa kwa mazoea, kwa msimu mmoja. Mtu mmoja mwenye jina aandike daftarini tarehe za kubadilisha betri, kusafisha paneli na kila uamuzi uliofanywa kwa sababu ya namba. Msimu ukiisha, waiteni wote waliokuwepo kikao cha kwanza na mfungue daftari hilo. Kama hakuna uamuzi hata mmoja uliobadilika, ng'oeni vihisi na mchague swali lingine kabla ya kuongeza kifaa.