Dodoso la shida ya kumeza: usiliamini kabla hujalipima

Kutafsiri EAT-10 kwa Kiswahili unamaliza ndani ya siku mbili, kazi iko kwenye kuhakikisha inapima kweli, na wengi tunaruka hapo. Kwa asiyeijua, ni dodoso la Belafsky na wenzake la 2008, maswali 10, kila moja 0 mpaka 4, jumla 40, ukifika 3 unahesabika una shida.

Hatua ya 1: omba ruhusa kwa wenye dodoso, watu wawili watafsiri kila mtu kivyake, mkae mkubaliane, afu mwingine ambaye hajaona ya mwanzo airudishe kwenye Kiingereza. Basi.

Hatua ya 2, hapa usikimbie. Kaa na wagonjwa kama 10, kila swali uliza "hapa umeelewa unaulizwa nini?" Sisi tuliandika "napata tabu kumeza chakula kigumu", mzee mmoja akajibu 0, nikapita zangu. Kutoka nje mkewe ananiambia ugali haupiti wiki ya tatu sasa, anasukumizia na maji. Namrudia mzee, anacheka, "Daktari, si umesema kigumu? Ugali laini bwana, kigumu mahindi ya kuchoma." Ikabidi tuweke mifano, ugali, wali, nyama. Swali la kutoka kwenda kula nalo vilevile, mtu wa kijijini hotelini anafuata nini, ila muulize kula na watu msibani au harusini anakwambia ameacha tangu lini. Na vidonge: asiyemeza dawa yoyote anaweka 0, sio kwamba vinapita vizuri, kwahiyo amueni mapema huyo mtamhesabuje.

Hatua ya 3: kusanya watu 100 na kuendelea, wenye shida na wazima. Asiyejua kusoma asomewe maneno yaleyale, usianze kumfafanulia. Alfa ya Cronbach (namba inayoonyesha maswali yanavyoshikana kupima kitu kimoja) iwe 0.7 mpaka 0.95, ikizidi hapo usishangilie, maswali yako yanarudia kitu kilekile.

Hatua ya 4: rudia baada ya wiki moja au mbili uone majibu yanafanana. Wagonjwa wa kansa ya umio watakuharibia hapa, ukirudi mmoja ashawekewa stenti (kijibomba cha kuuweka umio wazi) anakula, mwingine hata maji hayapiti, na wewe unalaumu dodoso. Chukua waliotulia, mfano wa kiharusi cha siku nyingi, na bado uliza kama kuna kilichobadilika.

Hatua ya 5: linganisha na kipimo kingine, kamera ya puani au eksirei ya kumeza, huna basi jaribio la kunywa maji mililita 90. Ile 3 usiibebe tu, ilitoka kwa watu wao wasio na shida ya kumeza, angalia kwa wako inakata wapi. Na usitegemee vipimo vikubaliane mia kwa mia, kuna wagonjwa maji yanaingia kwenye njia ya hewa na hawakohoi hata kidogo, swali la kukohoa anajibu 0 na hajakudanganya. Mgonjwa wa kiharusi akipata 0 kwenye EAT-10, mimi kwenye kamera bado nampeleka.