Konsatina ya Bei Nafuu ya Kufanyia Mazoezi Ukiwa Ugenini

Mpigaji wa konsatina, ala ndogo ya mvukuto, akikaa wiki sita bila chombo, wimbo haumtoki kichwani. Kinachomtoka ni mkono. Kwenye konsatina aina ya Anglo kitufe kimoja kina nota mbili, moja ukisukuma mvukuto na nyingine ukiuvuta, na kuamua upande wa mvukuto ni kazi ya mkono, akili haishirikishwi. Kwa hiyo chombo utakachokitafuta ugenini kifanane kwanza na cha nyumbani kwa mpangilio wa vitufe. Sauti, sura na jina la mtengenezaji vije baadaye. Konsatina ya kawaida tu yenye vitufe mahali ulipovizoea itakufaa kuliko nzuri ya mpangilio mwingine.

Kwa aliyezoea kodiani ya taarab, konsatina ni chombo kidogo kinachoshikwa kwa mikono miwili, mara nyingi cha pembe sita. Hakina kinanda upande wa kulia wala vitufe vya besi vinavyotoa nota kadhaa kwa mpigo; kila kitufe hulia nota moja moja. Zipo familia tatu ambazo hazibadilishani. Ya Kiingereza, aliyoibuni Charles Wheatstone wa London, hutoa nota ileile ukisukuma au ukivuta, na skeli hupokezana kati ya mkono wa kushoto na wa kulia. Anglo ilitokana na konsatina ya Carl Friedrich Uhlig wa Chemnitz, Ujerumani, ya mwaka 1834. Ya tatu ni dueti: nota nene kushoto, nyembamba kulia. Ukijifunza moja kisha ukaazimwa nyingine, unaanza upya.

Kabla hujafunga begi, andika mambo manne kuhusu chombo chako: familia yake, idadi ya vitufe, ufunguo (kwa Anglo nyingi ni C/G), na, ikiwa ni Anglo ya vitufe 30, mpangilio wa safu ya juu. Hilo la nne ndilo wengi hulisahau. Bonyeza kitufe cha kwanza cha mkono wa kulia, kile cha kidole cha shahada, kwenye safu iliyo mbali zaidi na kiganja. Sukuma. Ikilia C#, ni mpangilio unaoitwa wa Wheatstone (jina tu, si ile familia ya Kiingereza). Ikilia D#, ni ule wa Jeffries, mtengenezaji mwingine. Kwenye Jeffries C# inapatikana ukisukuma na ukivuta, lakini kwenye Wheatstone unaipata ukisukuma tu. Mtu aliyezoea Jeffries akishika Wheatstone atakwama kila wimbo wa D meja unapofika kwenye nota hiyo.

Hapo pia ndipo penye mtego mkubwa wa bei rahisi. Konsatina mpya za vitufe 20, nyingi zikiwa na maganda ya plastiki mekundu yanayometa, huuzwa chini ya dola 250 na zimejaa mtandaoni. Zina safu mbili tu, ya C na ya G. Nota ya C# haimo kabisa, kusukuma wala kuvuta. Nyimbo nyingi za Ireland ziko D meja, kwa hiyo aliyekwenda kaunti ya Clare, Ireland, kujifunza atakuwa amenunua chombo kisichoweza kumaliza skeli anayoihitaji kuliko zote. Kama unapiga nyimbo za C na G tu, vitufe 20 vinatosha. Vinginevyo usitoe hela.

Njia ya kwanza ni kuazima, nayo inawezekana kuliko watu wanavyodhani. Ireland ipo Comhaltas Ceoltóirí Éireann, chama cha muziki wa jadi kilichoanzishwa mwaka 1951, chenye matawi hadi nje ya nchi. Baadhi ya matawi huwa na vyombo vya wanafunzi. Uingereza upo International Concertina Association, wa tangu 1952, pamoja na vikundi vya mikoani vinavyokutana kupiga pamoja. Andika wiki tatu au nne kabla ya kusafiri. Taja yale mambo manne, tarehe za kufika na kuondoka, na useme wazi uko tayari kuacha amana. Ombi la "natafuta konsatina" halijibiki, kwa kuwa anayelisoma hajui kama aliyonayo itakufaa.

Kukodi ni njia ya pili. Maduka machache maalumu ya vyombo vya aina hii Ulaya na Marekani hukodisha kwa mwezi. Uliza mambo mawili tu: nani analipia ukarabati ulimi (kipande chembamba cha chuma kinachotetemeka na kutoa nota) ukikatika, na kama kodi itakatwa kwenye bei ukiamua kununua.

Ukikaa zaidi ya miezi miwili, mara nyingi kununua iliyotumika na kuiuza unapoondoka ndiko kunakopunguza gharama. Tuseme umenunua kwa dola 300 na ukauza kwa 250: mazoezi ya miezi yote hiyo yamekugharimu dola 50. Hesabu hii inasimama kwa chombo ambacho soko linakijua. Kwa wanafunzi, zinazojulikana zaidi ni zile za Concertina Connection: Rochelle kwa Anglo ya vitufe 30, Jackie kwa ya Kiingereza, Elise kwa dueti. Ni kubwa na nzito kidogo, mvukuto wake ni mgumu mwanzoni, lakini nota zinakaa zinapostahili na mnunuzi mwingine hakosekani. Kisicho na jina hakiuziki.

Unapotafuta mtandaoni, andika maneno kamili ya Kiingereza, "anglo concertina 30 button C/G". Ukiandika "concertina" peke yake utaletewa seng'enge za kuzungushia kuta. Ujerumani, neno "Konzertina" huleta vyombo vikubwa vya pembe nne, ndugu wa bandoneoni, ambavyo ni somo jingine kabisa.

Kuna na konsatina kuukuu zilizotengenezwa Uingereza, hasa za kampuni ya Lachenal, zinazouzwa bei ya chini kwenye minada. Zinavutia, lakini nyingi zilitengenezwa kabla dunia haijakubaliana kwamba nota ya A ilie kwa mitetemo 440 kwa sekunde. Unaweza kukuta A inalia karibu 452, takriban nusu ya nusu toni juu. Peke yako chumbani hutasikia kasoro. Kaa na fidla au filimbi, mtagombana. Pima kwa programu ya simu ya kutunia kabla ya kulipa, na usidanganywe kwamba kuituni ni kazi ndogo. Kila ulimi husuguliwa mmoja mmoja, na Anglo ya vitufe 30 ina ndimi 60 zinazolia, ukiacha kitufe cha hewa.

Ukipewa nafasi ya kuishika, fuata utaratibu huu. Shika upande mmoja juu, mwingine uning'inie, usibonyeze kitufe chochote. Mvukuto ushuke taratibu sana. Ukifunguka wote kabla hujahesabu kumi, hewa inavuja. Kisha piga vitufe vyote, kimoja kimoja, polepole na kwa nguvu ndogo, kusukuma halafu kuvuta. Ulimi unaochelewa kuitika kwa hewa ndogo utakukera kila siku. Ikilia nota bila kubonyeza, pedi haifuniki au springi imechoka. Zikilia mbili kwa kitufe kimoja, huenda hewa inapita kati ya vyumba vya ndani kwa sababu mbao zimesinyaa. Kwenye Stagi, chapa ya Italia, na za Kijerumani za zamani, chunguza vitufe vinavyoyumba au kuzama: ndani kuna vimpira vinavyounga kitufe na mkono wake, navyo huoza.

Nota iliyokufa ghafla isikutishe. Mara nyingi ni chembe ya vumbi iliyonasa pembeni mwa ulimi. Jaribu kwanza kupiga kitufe hicho kwa nguvu mara kadhaa pande zote mbili. Isipotoka, fungua skrubu za upande huo kidogo kidogo kwa zamu, ukiandika kila moja ilikotoka kwa kuwa si lazima zilingane. Tafuta ulimi husika, unyanyue ncha yake kwa ukucha, kiasi cha unene wa karatasi tu, upitishe chini yake kipande chembamba cha karatasi na kukivuta nje. Usipulize kwa mdomo. Unyevu wa pumzi huleta kutu. Kurudishia, kaza skrubu hadi ziguse, basi. Ukizidisha, mbao zinapasuka.

Hali ya hewa nayo ina usemi. Vyumba vinavyopashwa joto wakati wa baridi Ulaya hukausha mbao na kuleta mivujo. Chombo hichohicho ukikileta Mombasa au Unguja, mbao huvimba na vitufe hunasa. Iweke ndani ya kasha lake, mvukuto ukiwa umefungwa, mbali na hita na dirisha. Kwenye ndege panda nayo mkononi, usiikabidhi pamoja na mizigo.

Hosteli zenye kuta nyembamba zinahitaji busara, maana konsatina hulia sana kuliko umbo lake. Kwa ya Kiingereza unaweza kubonyeza vitufe bila kugusa mvukuto, na zoezi likafaa. Kwa Anglo shikilia kitufe cha hewa kwa kidole gumba cha kulia: mvukuto utakwenda na kurudi karibu kimya, na mkono utaendelea kukumbuka upande wa kila nota.