Safari ya sapraizi kwa mama: pasipoti kabla ya tiketi

Ukitaka kumshtukiza mama aliye hapa Mwanza kwa safari ya nje, usikimbilie tiketi. Tazama kwanza pasipoti yake: nchi nyingi hutaka ibakiwe na angalau miezi 6, na jina la kwenye tiketi lazima lifanane nayo, si lile tulilozoea kumwita nyumbani.

Viza ya Uingereza, kwa mfano, huwezi kumficha, maana atatakiwa kwenda mwenyewe kutoa alama za vidole. Siri ibaki kwenye tarehe. Cheti cha homa ya manjano kikihitajika, achanjwe mapema. Huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano.

Na tafadhali, Mwanza–Dar na ndege ya nje zikatwe kwenye tiketi moja. Ya kwanza ikichelewa, shirika ndilo litakalomtafutia nyingine.