Somo: Kubadilisha dinari ya Kirumi kwa iliyo bora

Wadau, somo hili ni la mtu ambaye tayari ana sarafu kumi au ishirini za makaisari wa Roma, na zile alizoanza nazo hazimridhishi tena. Anataka kuitoa moja na kuweka nzuri zaidi mahali pake. Wengi hupoteza pesa hapa kwa sababu wanatazama kuchakaa tu, wakati kuchakaa ni kipimo kimoja kati ya vitano. Mfano wetu ni dinari ya fedha ya Hadrianus, aliyetawala kuanzia mwaka 117 hadi 138. Zipo nyingi sokoni, kwa hiyo nafasi ya kuchagua ni kubwa.

Hatua ya 1: Ijue uliyonayo

Huwezi kutafuta bora kama hujui una nini. Chukua kadi uandike uzito hadi nukta mbili za gramu, kipenyo, maandishi yote herufi kwa herufi, bei uliyolipa na ulikonunua. Dinari ya Hadrianus yenye afya huwa na gramu 3.0 hadi 3.5, na kipenyo cha milimita 17 hadi 19.

Andika pia mwelekeo wa mihuri, yaani vile vyuma viwili vilivyochongwa picha, vya kugongea pande mbili za sarafu. Shika sarafu sura ya Kaisari ikiwa wima, kisha izungushe kama unavyofungua ukurasa wa kitabu. Kichwa cha picha ya mgongoni kikielekea juu, andika 12. Kikielekea chini, andika 6. Hapa wageni huchanganyikiwa: tunasoma namba iliyochapwa kwenye uso wa saa, wala si saa zetu za Kiswahili. Ukiandika "saa kumi na mbili" ukimaanisha mshale uko kwenye 6, muuzaji wa Ulaya ataelewa kinyume kabisa.

Maandishi ndiyo yanayotaja umri. HADRIANVS AVGVSTVS peke yake ni ya miaka ya 125 hadi 128. Ukiona P P imeongezwa, sarafu imegongwa kuanzia 128, mwaka ambao Hadrianus alikubali jina la Pater Patriae, yaani Baba wa Taifa kama tungesema sisi. Kwa hiyo dinari mbili zenye picha ileile mgongoni, moja ina P P na nyingine haina, ni aina mbili tofauti. Ukiuza moja kwa sababu "umeshapata nyingine bora", umejitoboa mkusanyo.

Kwa namba za katalogi tumia RIC, yaani Roman Imperial Coinage. Sehemu ya Hadrianus iliandikwa upya na kutoka mwaka 2019 kama juzuu II.3, na namba zake si zile za toleo la zamani. Ukikuta muuzaji ametaja namba bila kusema toleo, linganisha picha kwenye OCRE, katalogi ya bure mtandaoni ya American Numismatic Society.

Hatua ya 2: Amua "bora" ni nini

Tazama mambo haya matano, kwa mpangilio huu. Kwanza, hali ya madini: je, uso ni laini, au una mashimo na mikwaruzo? Pili, je, chapa imekaa katikati na maandishi yote yamo? Tatu, mihuri ilikuwa mipya, au ilishachoka na kufanya nywele na nguo zionekane kama uji? Nne, mchongaji alikuwa fundi kiasi gani? Tano ndipo kuchakaa kwa kutumika.

Wauzaji huanza na la tano, na bei hulifuata. Lakini dinari iliyotembea mikononi mwa watu miaka ishirini, ikabaki na madini safi, ndevu za Hadrianus zinahesabika na maandishi yamekamilika, ina thamani kuliko isiyotumika kabisa ambayo nusu ya jina lake imeangukia nje ya sarafu. Kuchakaa ni historia ya sarafu yenyewe. Mashimo ya kutu ni hasara tu.

Fedha ya kale ina ugonjwa mwingine: baada ya karne nyingi ardhini madini hugeuka kuwa chembechembe ndani, na sarafu huwa kama biskuti. Kwa kioo cha kukuzia mara kumi utaona nyufa nyembamba ukingoni na uso wenye chengachenga kama sukari. Ikianguka sakafuni inaweza kukatika vipande viwili. Hata iwe nzuri namna gani, iache.

Hatua ya 3: Piga hesabu yote

Bei ya nyundo mnadani, yaani ile ya mwisho nyundo inapogonga, si bei yako. Ada ya mnunuzi mara nyingi ni asilimia 15 hadi 25. Tuseme nyundo imegonga kwenye euro 200 na ada ni asilimia 20: tayari ni 240. Ongeza posta na bima, tuseme 30, inakuwa 270 kabla ya ushuru wa forodha wa nchini kwako. Weka kikomo chako kwa jumla hiyo, kisha urudi nyuma ujue utainua mkono mwisho kwa kiasi gani.

Tafuta minada iliyopita ya aina hiyohiyo, angalau mitano. Usilinganishe na bei wanazoomba wauzaji, kwa kuwa sarafu iliyokaa dirishani miaka mitatu haijathibitisha bei yake.

Hatua ya 4: Kagua kama ni halali

Ukingo unasema mengi kuliko uso. Sarafu ya Kirumi iligongwa kwa nyundo, hivyo ukingo wake huwa na mipasuko midogo ya asili. Ya kughushi iliyomiminwa kwenye kalibu huwa na mshono unaozunguka ukingo, au alama za tupa zilizoufuta. Usoni tafuta vitundu vya mviringo vya hewa na herufi zenye pembe laini kama sabuni iliyotumika. Kisha tafuta pacha: ukikuta sarafu mbili zenye mkwaruzo uleule mahali palepale, angalau moja ni nakala.

Kwa sarafu kubwa za shaba, hasa sesterti, hatari ni uchongaji wa kisasa: mtu amechukua patasi akarudisha nywele na mikunjo ya nguo. Mistari iliyochongwa upya huwa mikali wakati mazingira yake yamechakaa, na sehemu tupu huwa laini kupita kiasi.

Dai karatasi pia. Nchi kama Italia, Uturuki na Misri zina sheria kali za mali kale. Sarafu isiyo na historia ya umiliki ni sarafu ambayo huenda iliibwa ardhini, na kesho itakusumbua kuiuza.

Hatua ya 5: Ziweke pamoja kabla ya kuuza ya zamani

Weka zote mbili chini ya taa moja, mwanga ukitokea pembeni. Zitazame kwa siku kadhaa. Ukiamua kuuza ya zamani, taja kasoro zake zote na uiambatanishe na kadi na vibandiko vyake vya zamani. Kama ina historia nzuri ya umiliki, kuibakiza ni busara hata kama sura imechakaa.

Maswali ya wanachama

*Swali (Dar es Salaam): Mwalimu, sarafu yangu ya shaba imeota unga wa kijani kibichi. Nimesoma dawa ni sodiamu seskwikaboneti, na nimeambiwa hiyo ndiyo magadi. Nitumie ya jikoni?*

Ndugu, umeambiwa kweli nusu. Magadi ni seskwikaboneti ya asili, lakini ya sokoni ina chumvi ndani yake, na kloraidi ya chumvi ndiyo inayolisha ugonjwa huu. Utakuwa unazima moto kwa petroli. Toa unga kwa kijiti cha meno, loweka sarafu kwenye maji ya betri (hakikisha ni maji, si asidi), na uyabadilishe kila siku mbili tatu kwa wiki kadhaa. Ikaushe kwa asetoni, kisha ifungie kwenye kopo lisiloingiza hewa pamoja na vipakiti vya silika vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Unyevu wa pwani ndio adui: lenga chini ya asilimia 40 ndani ya kopo. Unga ukirudi, rudia.

*Swali (Nairobi): Dinari yangu ina gramu 2.6 na doa jekundu puani. Ni feki?*

Huenda ni ya kughushi ya zama zilezile: kiini cha shaba kilichovikwa fedha. Pima densiti, yaani uzito kwa ujazo. Weka glasi ya maji kwenye mizani ya nukta mbili, irudishe sifuri, kisha ning'iniza sarafu kwa uzi mwembamba izame bila kugusa chini. Gawanya uzito wa kawaida kwa namba unayoiona. Ikikaribia 10 ni fedha. Ikikaribia 9 ndani ni shaba. Pima mara tatu, maana kosa dogo hubadilisha jibu. Wapo wanaozikusanya hizo makusudi, kwa hiyo usiitupe.

*Swali (Mombasa): Nimezoea kung'arisha fedha kwa ndimu. Kuna ubaya?*

Upo, kaka. Asidi hula uso na kuacha weupe uliokufa ambao mnunuzi atauona kabla hajaishika. Asetoni inatosha kuondoa mafuta na utelezi wa kijani unaoachwa na mifuko ya plastiki ya PVC. Weusi wa asili uache.

*Swali (Zanzibar): Je, dinari ziliwahi kufika kwetu kama pesa?*

Periplus ya Bahari ya Erithrea, kitabu cha wafanyabiashara cha karne ya kwanza, kinataja dinari kidogo kama bidhaa ya kupeleka Adulis kwenye Bahari ya Shamu. Kikifika Rhapta, soko la mwisho la pwani yetu, hakitaji sarafu: kinataja mikuki, mashoka, visu, sindano kubwa za kutobolea na aina mbalimbali za kioo. Ukiuziwa "dinari iliyofukuliwa Rufiji", rudi kwenye hatua ya 4.