Mzee akianza kusahau: ya kufanya kabla na baada ya kumpeleka hospitali

Mzee anasimulia Operesheni Vijiji ya 1974 bila kukosea, lakini hajui kama asubuhi amekunywa uji. Nyumbani watamsifu kwa kumbukumbu, na hapo ndipo ugonjwa unapopita bila kuonekana. Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu polepole, kwa kawaida huanza kuharibu sehemu ya ubongo inayohifadhi mambo mapya. Ya zamani hubaki kwa miaka. Mpime kwa mambo ya wiki hii.

Chukua daftari, uandike kwa wiki mbili au tatu. "Anasahausahau" haimsaidii daktari. Andika: "Jumanne, ndani ya saa moja ameuliza mara nne kama hela ya korosho imeingia." Au: "Amepulizia salfa mikorosho ileile ya jana." Kusahau funguo ulipoziweka ni kawaida, kushindwa chenji, mapishi au njia ya shambani uliyoizoea si kawaida.

Akichanganyikiwa ghafla, kwa saa au siku chache tu, achana na daftari, mpeleke siku hiyohiyo. Huenda ni malaria, maambukizi ya mkojo au sukari iliyoshuka. Kama aliwahi kuanguka wiki zilizopita, sema: damu inaweza kujikusanya polepole ndani ya fuvu.

Beba dawa zake zote, za dukani na za mitishamba. Piritoni (ya mafua na mzio) au amitriptilini (ya sonona na maumivu ya neva) zinaweza kumvuruga mzee kabisa.

Anzieni zahanati au kituo cha afya, muombe rufaa ya hospitali ya mkoa: Ligula kwa Mtwara, Sokoine kwa Lindi. Ulizeni vipimo vya sukari, wingi wa damu, homoni za tezi ya shingo, vitamini B12, kaswende na VVU. Masikio na macho yakaguliwe pia (asiyesikia vizuri huonekana msahaulifu), na sonona isisahaulike. Mengi ya haya yana tiba, na yakicheleweshwa mengine huacha madhara ya kudumu.

Ikithibitika ni Alzheimer, dawa kama donepezili hupunguza dalili kwa muda, haziponyi. Faida kubwa ya kujua mapema ni kwamba mzee bado anaweza kusema mwenyewe shamba ligawanywe vipi na nani amwakilishe AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima). Wosia uandikwe sasa, mbele ya mashahidi, akili ikiwa timamu.

Mwambieni na mwenyekiti wa kitongoji na majirani. Bibi akikutwa usiku uani kwa watu, neno "mchawi" halichelewi. Wakijua anaumwa, watamshika mkono wamrudishe.