Umeumia bega? Usiliache likagande, fanya hivi

Wengi ninaowatibu fizio (tiba ya mazoezi) bega limeganda hawakuumia kivile, mtu kateleza bafuni au kanyanyua ndoo vibaya, bega likamuuma akafunga mkono na khanga shingoni wiki hata sita bila kuusogeza kabisa, hapo ndo shida inapoanzia, ule mfuko unaozunguka kiungo unakuwa mnene na kukakamaa na kuja kuachia inaweza kuchukua mwaka mpaka mitatu. Wenye kisukari, na walio kwenye miaka 40 hadi 60 hasa akina mama, naomba mlizingatie hili zaidi.

Kama bega limebadilika shepu, mkono una ganzi au haunyanyuki kabisa, nenda kapige eksirei kwanza, mazoezi baadaye.

1. Siku mbili tatu za mwanzo weka barafu kwenye kitambaa, dakika 15 hivi, ila vidole na kiwiko viendelee kukunjwa.

2. Inama, mkono usiouma ushike meza, unaouma uning'inie tu. Sasa yumbisha kiuno mbele na nyuma, mkono ufuate wenyewe, halafu uchore duara dogo, dakika moja moja mara tatu kwa siku. Wengi wanakosea hapa wanauzungusha kwa nguvu ya bega, hapana jamani, bega liwe limelegea kabisa.

3. Tembeza vidole vya mkono unaouma ukutani kupanda juu, weka alama ya chaki ulipofika ili kesho ujue.

4. Hili usiliruke, manake kuzungusha mkono kwenda nje ndo kunapoteaga mapema. Lala chali, kunja viwiko, vibane mbavuni, shika mpini wa fagio kwa mikono yote, mkono usiouma usukume unaouma kwenda nje taratibu, shikilia kidogo, rudi.

5. Kupeleka mkono mgongoni kwa kuvuta khanga subiri maumivu yapungue.

Uchungu unaoisha ndani ya nusu saa ni sawa tu, ukikukesha usiku umezidisha, punguza. Na tafadhali usimpe mtu wa kukanda akuvute kwa nguvu, kipindi bado linauma sana ndo linazidi kukasirika.

Ukiona usiku hulalii hilo bega na kila wiki linazidi kubana muone daktari mapema, sindano ya steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe) inasaidia zaidi ikichomwa mwanzoni, ila mwenye kisukari mwambie daktari na upime sukari siku zinazofuata, huwa inapanda.