Apu yako ikitaka kuingia Gmail ya mteja, usimwombe paswedi

Wakuu, kama unatengeneza apu inayotumia Gmail au Drive ya mteja tafadhali sana usimwombe paswedi yake, tumia OAuth 2.0, yaani anaenda mwenyewe kwa Google anakubali palepale halafu wewe unapewa tokeni tu (kama ufunguo wa kuingilia unaotumika badala ya paswedi), na siku akitaka kukutoa anaifuta kwenye akaunti yake bila hata kubadili paswedi. Omba ruhusa ndogo, kama kazi ni kutuma meili tu basi omba gmail.send, usibebe yote.

Sasa hapa ndo wengi wanakwama: linki ya kurudishia (pale Google inapomrudisha mteja kwenye apu yako akishakubali) uliyosajili Google Cloud lazima ifanane herufi kwa herufi na ile apu inayotuma, slashi moja tu ya mwisho ikizidi inagoma na unaletewa kosa la redirect_uri_mismatch. Halafu kama apu bado iko kwenye Testing (hali ya majaribio huko Google Cloud), tokeni ya kuhuishia (refresh token, ile ya kuchukulia tokeni mpya bila kumsumbua mteja tena) inakufa baada ya siku 7, kwa hiyo usikeshe unatafuta kosa kwenye kodi, angalia hiyo kwanza. Na ile client_secret (nywila ya siri ya apu yako yenyewe) ikae kwenye seva, isiende GitHub kabisa hata kama ripo ni ya praiveti.